Kura ya Amerika katika Kopo la Maziwa

Nianze na upumbavu wenyewe, usije ukaanza kunitafuta mbele: niliendesha uchaguzi wa Amerika katika uwanja wa nyumba yetu, Lubumbashi, Jumamosi mchana, nikiwa nimevaa kofia ngumu ya kazi ya baba. Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga nililolitoboa kifuniko kwa kisu, karatasi nilizozichana kwenye daftari la hesabu (hapo sikuona hasara yoyote), na chupa ya dawa ya zambarau, ile ya vidonda vya mdomo, ili kila anayepiga kura achovye kidole kama tulivyofanya tulipochagua rais. Watu wazima walipanga mstari. Wengine walikuja na kadi zao za mpiga kura. Nami nikawaambia kwamba kura zitapelekwa Amerika.

Hilo la mwisho ndilo sikupaswa kulisema.

Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinafunga. Bei ya shaba ilianguka huko inakoangukia, na sisi tukaisikia huku. Baba alikuwa dereva wa lori katika kampuni moja upande wa Kambove. Alirudi nyumbani na godoro, barua ya mistari mitatu, na kofia yake ngumu ya rangi ya chungwa. Akaitundika msumarini sebuleni, akakaa chini yake, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Wenye tanuru za kuyeyushia walikuwa wamepanda ndege bila hata kufunga bomba la maji. Mama aliuza samaki wa kukausha wa Pweto mbele ya lango letu, na watu walikuja, wakawanusa, wakawasifu, wakarudi nyumbani kwao kula mboga. Hakuna aliyegombana na mtu. Hata ugomvi unahitaji nguvu.

Shuleni walimu walikuwa kwenye mgomo, ila wa biolojia alikuja. Alikuja na kandambili, kwa sababu viatu alivitunza kwa ajili ya misa. Tulimwuliza kwa nini hagomi kama wenzake. Akasema: “Nyumbani watoto wananitazama. Mweye hamunitazamake, munalala tu. Hapa ninapumuzika.”

Yeye ndiye aliyetuletea habari. Aliisikia redioni: jimbo moja la kaskazini ya Amerika, lenye viwanda vya magari ambavyo navyo vilikuwa vinafunga (darasa zima liliitikia “aaah”, kama tumesikia habari ya ndugu), litapiga kura. Swali lao halikuwa la chama wala la mtu. Ni hili: kuna hospitali za kuwasaidia wasiopata mtoto, ambako mimba hutungwa kwenye kioo. Zinabaki mimba nyingine za siku chache, viinitete vidogo kuliko nukta, ambavyo hutupwa. Je, wenyewe wakikubali, wataalamu wanaweza kuvichukua na kutoa humo seli za kutafutia dawa?

“Zile seli,” alisema mwalimu akichora duara ubaoni, “hazijachagua kazi bado. Zinaweza kuwa mfupa, zinaweza kuwa neva, zinaweza kuwa damu.”

Nikanyoosha mkono. “Mwalimu, basi ni kama sisi wa mwaka wa sita, tunaomaliza shule. Hatujachagua kazi, na kazi nazo hazijatuchagua.”

Darasa lilicheka, mwalimu pia, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini neno moja nilikwenda nalo nyumbani: damu.

Mdogo wangu wa kike, wa miaka tisa, ana ugonjwa ambao kwetu unaitwa SS. Chembe za damu yake zinajikunja kama mundu, zinaziba njia, na mifupa inamuuma mpaka anauma shuka. Mara nyingine damu yake inaisha tu, macho yanakuwa ya manjano, na hospitali inasema: leteni mtu wa kutoa damu. Baba na mama hawawezi, kwa sababu kila mmoja wao amebeba nusu ya kasoro hiyohiyo. Mimi nimebeba nusu yangu pia. Nyumba nzima tunampenda, na nyumba nzima damu yetu haifai.

Aliyefaa alikuwa jirani, mzee mmoja wa Butembo, papa kwetu sote, mwenye depo ya sukari, sabuni na unga kwenye kona ya avenue yetu. Si wa kanisa letu, si wa kabila letu, lakini damu yake ilimkubali mdogo wangu, na mara tatu alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali na kukunja mkono wa shati. Akitoka pale mama humpelekea samaki mkubwa kuliko wote, naye humrudishia sukari, na mambo yanaendelea hivyo bila mtu kusema asante kwa sauti.

Basi jioni ile nilimkuta mama anasonga bukari, ugali wetu, juu ya mbabula ya makaa. Nikamweleza. Nilieleza vizuri, siwezi kukataa. Nikitaka kueleza, ninaeleza.

“Damu?” mama akasema. “Damu ya namna gani?”

“Damu muzuri, mama. Yenye haijikunje.”

Mwiko ulisimama. Mama hasimamishi mwiko kwenye bukari hata akiambiwa nyumba inaungua.

“Na ni nani anakatala?”

“Bantu ba kule. Banasema ile iko mutoto tayari.”

“Ya siku ngapi?”

“Tano, mama. Ao karibu vile.”

“Tano,” akasema. Akaanza kusonga tena.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini mimi nikiona kitu kizito, mkono unaniwasha mpaka nikifanyie mchezo. Jumamosi shirika, yaani jumuiya ya sala ya mtaa wetu, lilikuwa linasali kwetu, na kila mtu huja na kiti chake kichwani. Nikasema: watu watakuwepo, viti vitakuwepo, nini kinakosekana? Nikashusha kofia ya baba.

Niliandika swali kwenye kadibodi: *Waganga wa Amerika wachukue mimba ya siku tano, yenye itatupwa, watafute ndani damu ya kuponyesha mgonjwa? NDIYO ao HAPANA.* Nikasoma kwa sauti ya redio. Mama mmoja mzee anayeongoza shirika alinitazama kuanzia kofia mpaka miguu.

“Kanisa ilisha kujibu ile maneno,” akasema. “Weye unauliza nani?”

“Ninauliza weye, mama. Amerika inakungojea.”

Watu wakaangua kicheko. “Basi leta karatasi,” akasema, “niandike hapana yangu yenye kuonekana mpaka kule.”

Hapo mchezo ukashika moto. Watu waliochoka hucheka kwa urahisi, kama makaa ya jana yanavyowaka. Mmoja aliuliza kama atapewa fulana na wagombea. Mwingine alitaka kupiga kura mara mbili, ya pili kwa niaba ya shemeji yake wa Mitwaba. Jirani wa depo alikuja na kiti chake cha plastiki cheupe, kwa heshima ya mama tu, akapanga mstari kama wote. Akaandika huku amekinga karatasi kwa kiganja.

Mama alikuwa wa mwisho. Nilidhani anakuja kunichapa. Alikuwa ameshika kadi yake ya mpiga kura, ile anayoificha chini ya godoro ndani ya mfuko wa plastiki, akaniwekea mezani, uso wa picha juu.

“Itamaliza siku ngapi kufika?” akaniuliza.

“Juma moja, mama,” nikasema kwa sauti ya mkubwa wa tume ya uchaguzi. “Inaenda na ndege.”

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Aliandika, akakunja karatasi mara nne, akachovya kidole mpaka kwenye kiungo cha pili.

Nikafungua kopo, nikahesabu mbele ya wote. Hapana kumi na saba, ndiyo nne. Nilipotaja ndiyo ya nne na kopo likawa tupu, nilimtazama mama. Sura yake haikubadilika. Mikono ndiyo ilianza kutafuta kitu cha kushika, ikashika pindo la kitenge, ikaliachia, ikalishika tena. Wakati ule nikaelewa kwamba katika uwanja ule wote kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa anacheza, na nilikuwa nimemwonyesha, karatasi baada ya karatasi, jinsi alivyo peke yake.

Mwenye akili angefunga mdomo. Mimi nilikasirika, na hasira yangu hutoka kama mzaha. Nikachomoa hapana moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa za mraba, nikaiinua juu.

“Na hii tunamujua mwenyewe! Hii mukono njo inaandikaka SUKARI juu ya mifuko! Papa, mukono moja unamutolea mutoto damu, na ingine unamukatalia dawa?”

Kicheko kilianza, kikafika katikati, kikafa. Jirani alisimama. Alitoa leso, akasugua kidole chake cha zambarau, na rangi haikutoka. Akamwambia mama, taratibu, kwa Kiswahili chao cha Kivu: “Mama, mubaki muzuri. Mi naenda.” Akatoka langoni. Kiti chake alikiacha.

Shirika lilisali kwa haraka siku ile. Baba alikuja nyuma yangu, akanivua kofia kichwani, akaitundika kwenye msumari wake, akakaa chini yake. Hakuna aliyenichapa. Ningependa wangenichapa.

Kile kiti kilibaki uwanjani. Kila mtu huondoka na chake, hivyo ndivyo ilivyo, na kiti kilichobaki kinaonekana kuliko viti hamsini. Jumapili mdogo wangu alitaka kukikalia. Mama akasema: “Toka. Iko na mwenyewe.” Mvua ya kwanza ikanyesha juu yake Jumatatu. Nilipendekeza nikirudishe. Mama alikuwa anapanga samaki, hakuinua kichwa. Jumanne nilimwona jirani upande wa pili wa barabara, akanisalimia kama anavyosalimia nguzo ya umeme.

Jumatano nilirudi shuleni nikamkuta mdogo wangu kwenye mkeka, magoti kifuani. Nilimfanyia uso wangu wa nyani, ambao haujawahi kushindwa. Akajaribu kucheka. Macho yake yalikuwa ya manjano kabisa, na ndani ya midomo palikuwa peupe kama karatasi. Baba alimbeba mgongoni, tukaenda hospitali kwa miguu mpaka barabara kubwa, kisha kwa taksi, mama akiwa amemshika kisigino njia nzima, kama anaogopa atadondoka kipande kipande.

Hospitalini muuguzi alivuta kope za chini za mdogo wangu, akamwangalia, akaandika. “Damu,” akasema. “Friji iko tupu tangu jana. Munajua muntu yenu?”

Tulimjua mtu wetu.

Baba alitazama sakafu. Mama akanitazama mimi. Nilisubiri aseme yote aliyokuwa anayaweka tangu Jumamosi. Akasema maneno matatu: “Kamata ile kiti.”

Nilirudi mtaani mbio, nikapandisha kiti kichwani, nikatembea nacho mpaka kwenye depo, jua likichoma, miguu yake minne juu kama mbuzi aliyekufa. Watu waliniita: “Eh, mukubwa wa uchaguzi! Unahamia wapi?” Siku nyingine ningekuwa na jibu. Niliongeza mwendo.

Jirani alikuwa peke yake kati ya mifuko iliyopangwa mpaka darini. Haikuwa imepungua, nani alikuwa ananunua sukari? Aliona kiti kwanza, halafu mimi.

“Tume ya uchaguzi,” akasema. “Imekuja kuhesabu tena?”

“Papa, pardon.”

“Weka chini.” Nikaweka. “Ikala.”

“Papa, mutoto iko—”

“Ikala kwanza.”

Nikakaa kwenye kiti chake. Yeye alibaki amesimama, mkono juu ya mfuko.

“Ile kintu uliandika, ya siku tano. Muke yangu alibebaka mimba ine. Hakuna moja ilifika. Ya mwisho tulipeleka ku hospitali, bakaitoa, bakaiweka mu sahani ya chuma, bakaenda nayo. Wapi? Sijui. Kufanya nini? Sijui. Hakuna mwenye alituuliza ndiyo ao hapana.” Alikuwa anasema polepole, kama anasoma orodha ya mizigo. “Weye unaihesabia siku. Shiye tulikuwa tumeisha kuichagulia jina.”

Nilisikia panya nyuma ya mifuko.

“Njo ile hapana yangu,” akasema. “Sikuandika juu ya ndugu yako. Sasa, mutoto iko wapi?”

“Ku hospitali. Damu yake imeisha, papa. Mama njo alinituma.”

“Na weye hukusema tangu unaingia?”

“Ulisema niikale kwanza!”

Akanitazama. Nadhani hapo alitaka kucheka, lakini alikuwa amechoka, kama sisi wote. Akachukua funguo, akavuta mlango wa chuma wa depo, akaufunga mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya hata siku ya msiba. Kiti kilibaki ndani.

Hospitalini alikunja mkono wa shati bila kuambiwa. Muuguzi alimfunga mpira juu ya kiwiko, akatazama vidole vyake, halafu akatazama vya mama, halafu vyangu.

“Mweye bote muko na rangi ku kidole. Kulikuwa uchaguzi?”

“Ya Amerika,” mdogo wangu akajibu kutoka kwenye kitanda cha pili, kwa sauti ndogo kama ya redio inayoishiwa betri. Kisha akamgeukia jirani. “Papa, ulivota nini?”

Mama akashika pindo la kitenge chake.

“Kura ni siri, mama,” jirani akamwambia mdogo wangu. “Uliza huyu mukubwa yako. Yeye njo anajua sheria.”

Mama alikwenda akasimama karibu na kichwa cha jirani. Akachukua kitambaa na kumpangusa jasho kwenye paji la uso, kama anavyotupangusa sisi, na yeye akafumba macho, akaacha. Mfuko ulikuwa unajaa taratibu. Nilikaa chini nikaangalia ile damu, ambayo ilikwisha chagua kazi yake.

Ijumaa mwalimu wa biolojia alikuja na kandambili zake akatuambia kwamba kule, katika lile jimbo, wamekwisha kuhesabu. Ndiyo imepita, si kwa wingi sana. Mtu mmoja nyuma akauliza kama dawa itakuja lini. Mwalimu akasema labda watoto wenu wataiona. Halafu akasema labda si wenu. Halafu akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Mdogo wangu alirudi nyumbani Jumamosi asubuhi, akiwa na rangi mashavuni ambayo haikuwa ya kwetu. Nilimngoja mama akae langoni na samaki wake, nikaenda kuchuchumaa kando yake. Kopo la maziwa lilikuwa pale pale chini ya meza, na ndani yake zile karatasi ishirini na moja, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuzitupa.

“Mama,” nikasema. “Ndiyo ilishinda kule.” Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeibeba juma zima na ilikuwa nzito kuliko kiti: “Lakini zetu hazikuendaka. Nilibongopa. Hakuna kura yetu yenye ilienda.”

Mama alipindua samaki mmoja, akampulizia vumbi, akampindua tena. Kidole chake bado kilikuwa cha zambarau kwenye ukingo wa ukucha. Akasema hivi, na ninaandika kama alivyosema:

“Nilijua haiendi. Miye si mujinga. Nilipanga mustari sababu hakuna muntu aliniulizaka hata siku moja. Sasa mwaga zile karatasi, osha kopo, nataka kuweka chumvi.”